Jirani wa juu, jirani wa chini: mwongozo wa kuishi kwa heshima kwenye vilima vya Bukavu

Mji wa tambarare humpa mtu jirani wa kulia na jirani wa kushoto. Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, inatupa jirani wa juu na jirani wa chini. Simama popote Kadutu, iwe Nyamugo au Cimpunda: bati la mwenzako liko usawa wa miguu yako, na ukiinua macho, kizingiti cha mwingine kiko usawa wa bati lako. Ziwa Kivu limelala chini, na nyumba zetu zimeparamia kilima mpaka juu. Kwa hiyo chochote unachomwaga, unachotupa au unachopaza kinamfikia mtu. Kwetu hakuna "nje". Nje ya kwako ni kwa mtu.

Tukitamka neno amani hapa Kivu, mawazo yanakimbilia kwa wakubwa: mikataba, wajumbe, mazungumzo ya miji ya mbali. Hayo yana watu wake. Mimi nataka kusema juu ya amani nyingine, isiyosubiri saini ya mtu: beseni la maji ya vyombo utalimwaga wapi, jirani utamwita kwa jina lake au kwa kabila lake, ugomvi wa mfereji utaupeleka kwa mzee wa avenyu au kwa mtu mwenye bunduki. Nimepanga nyumba kwenye kilima miaka mingi, mara juu, mara chini, na ninachoandika hapa nimekilipia.

Niliishi Kadutu katika nyumba ya mbao ya vyumba viwili. Nyuma yake kulikuwa na ngazi za udongo. Kila asubuhi nilimwaga maji ya kufulia pale nyuma, yakapotea, na sikuwahi kujiuliza yanapotelea wapi. Siku moja mama mzee wa nyumba ya chini akapanda zile ngazi polepole, mkono mmoja ukutani. Akanisalimu. Akauliza watoto wameamkaje. Akauliza kama baba yao amekwisha kurudi safari. Halafu akafungua kitenge alichokuwa amekikunja, akatoa daftari la mjukuu wake, akaniwekea mkononi.

Lilikuwa limelowa chapachapa. Wino wa buluu ulikuwa umetambaa ukurasa mzima, hesabu za kugawanya zimegeuka mawingu, alama nyekundu za mwalimu zimechanganyika nazo. Jalada lilinuka sabuni, sabuni ile ile iliyokuwa bado kwenye vidole vyangu. Akasema, "Mwanangu, maji yako yanaingia chini ya mlango wetu, pale mtoto anapolala." Hakuongeza neno.

Angenitukana ningepata la kujibu, maana matusi huwa na majibu yake. Lakini daftari lile lilininyima jibu. Jumamosi iliyofuata, tulipotoka salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, tulichimba mfereji wetu wa kwanza. Yule mama nilikuja kumwita Koko, kama tunavyowaita wazee wetu, na karibu kila kitu kilichomo katika mwongozo huu nilikipata kwake.

1. Fuata maji yako mpaka mwisho wake

Anza hapa, kabla hujaongea na mtu. Chagua siku ya mvua ya kawaida, si ile ya radi, na iwe mchana. Vaa viatu vya mpira, simama pale maji ya bati lako yanapoangukia, kisha teremka nayo. Usikatize njia. Yakipita chini ya ua, zunguka. Yakiingia kwenye parseli ya mtu, yaani kiwanja chake, piga hodi, useme unatafuta mwisho wa maji yako. Utaona watu wanavyofungua haraka wakisikia hivyo. Wengine wamekuwa wakikungoja miaka.

Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, nilihesabu milango minne kati ya nyumba yangu na kanivo, ule mtaro wa maji wa barabarani. Wa kwanza ulikuwa wa Koko. Mwenye mlango wa pili alikuwa amejijengea kizuizi cha mawe na mifuko ya udongo, na kizuizi kile kilisukuma maji yote kwa wa tatu. Wa pili na wa tatu walikuwa hawasemezani tangu mvua za mwaka uliotangulia. Mimi niliyekuwa chanzo, wote wawili walikuwa wakinisalimia vizuri kila siku. Hilo liliniuma kuliko lile daftari.

Ukirudi nyumbani, piga hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Nyumba ya mita 6 kwa 5 ina paa la mita mraba 30 hivi. Mvua ya milimita 20, ambayo si ajabu kwetu kati ya Septemba na Mei, inaangusha juu ya paa hilo lita 600, yaani bidoni 30 za lita 20. Sasa mfikirie mtu amesimama mlangoni kwa jirani yako, anamwaga bidoni moja, ya pili, mpaka ya thelathini. Ungemwita nani mtu huyo? Paa lako linafanya hivyo usiku ukiwa umelala.

Kuna jambo moja sitalipamba. Wapo wanaongoja mvua kubwa ya usiku wafungue shimo la choo ili lijimwage na mkondo. Kivu ya Kusini haijaachana na kipindupindu, na watoto wa chini wanacheza katika tope hilo asubuhi. Hapa si suala la ujirani mwema wala mbaya, ni kumwekea mtu sumu mlangoni. Kama shimo lako limejaa na huna pesa ya kulitoa, sema mapema kwa wenzako wa parseli na kwa mwenye nyumba, mchange. Aibu ya kusema imejaa itapita kwa wiki moja. Maziko ya mtoto wa jirani hayatapita.

2. Piga hodi wakati wa jua

Usingoje mvua ndipo umjue jirani. Nenda Julai au Agosti, udongo ukiwa mkavu na watu wakiwa na utulivu. Jumapili alasiri ni saa nzuri, watu wamekwisha kutoka misa au ibada na wamekwisha kula. Kama wewe ni mwanaume na unajua yule mama yuko peke yake, nenda na mkeo au mtoto. Kama wewe ni mdogo wake kwa umri, wewe ndiye wa kupanda au kuteremka. Usimngoje mzee akufuate.

Ziara ya kwanza isiwe na neno. Usiseme maji, usiseme ukuta, usiseme mbuzi. Salimia, kaa kama umepewa kiti, pokea maji kama umepewa maji. Uliza anapenda kuitwa nani. Wengi wetu tunaitwa kwa jina la mtoto wa kwanza, lakini kuna mama aliyempoteza mtoto huyo na hataki kulisikia jina hilo kila asubuhi kutoka kwa mgeni, na kuna mwingine anataka liendelee kutamkwa. Hutajua bila kuuliza. Kabila usiulize. Kama lugha yake unaijua, hata salamu tu, mpe salamu hiyo, na mwache yeye mwenyewe aseme kwao ni wapi, siku akitaka.

Jumapili tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lilipoutikisa mji wetu, tulitoka nje tukiwa tumebeba watoto, wengine bila viatu. Pale nilipokuwa ninakaa, walioinua matofali walikuwa watu wa nyumba ya juu na watu wa nyumba ya chini. Ndugu zangu walifika baadaye, kwa miguu, kutoka Bagira. Tangu hapo sijapanga nyumba bila kuwajua wa juu na wa chini ndani ya wiki ya kwanza.

3. Chimbeni pamoja, na chimbeni vizuri

Ziara ya pili ndiyo ya kusema maji. Panga siku, na Jumamosi baada ya salongo ni bora kwa sababu majembe yako nje tayari. Waite wote ambao maji yanapita kwao, si yule mnayesikilizana tu. Aliyekasirika akiachwa nje, mfereji huo ataufukia usiku, na kwa kweli nitamwelewa.

Mwenye nyumba naye ajulishwe kabla. Wengi wetu ni wapangaji, tunachimba kwenye ardhi ya mtu aliye Nguba au Kinshasa, na ukipiga jembe bila neno lake utakuwa umezima ugomvi mmoja na kuwasha mwingine. Simu moja inatosha, na mwingine awepo akisikia.

Sasa kazi yenyewe. Msichimbe mkiteremka moja kwa moja. Maji yakipewa njia iliyonyooka kwenye mteremko yanapata mbio, yanakata udongo, na mfereji wa upana wa jembe leo utakuwa bonde kufikia Aprili. Ukateni mteremko kwa mshazari, mkishuka kidogo kidogo, kama njia za miguu zinavyouzunguka mlima. Upana wa jembe unatosha kwa nyumba moja; zikiungana nyumba tatu, fanyeni majembe mawili. Pale ambapo lazima maji yaanguke, pangeni mawe bapa ya kuyapokea. Udongo mliouchimba uwekeni upande wa chini wa mfereji, muushindilie kwa miguu, mpande juu yake majani yenye mizizi mingi, yale tunayolishia ng'ombe na mbuzi. Yatashika ukingo, na mwenye mbuzi atakuja kuyakata mwenyewe.

Mwisho wa mfereji uwe kanivo au mkondo. Usiwe ukuta wa mtu, usiwe njia ya ngazi ambamo watoto wa shule wanapita, usiwe kiwanja ambacho "hakina mtu". Hapa mjini hakuna kiwanja kisicho na mtu, kuna ambacho mwenyewe hajafika.

Ukiweza, punguza maji kabla hayajafika chini. Kipande cha bati kilichokunjwa na kufungwa kwenye ukingo wa paa, kikielekea kwenye pipa la lita 200, kinazuia bidoni kumi za kwanza. Pipa liwe na kifuniko kizito, kwa ajili ya mbu na zaidi kwa ajili ya watoto. Maji hayo si ya kunywa, lakini yanafua, yanaosha nyumba, na yanakupunguzia safari za robine, bomba tunalochotea maji pamoja. Pipa likijaa, toboa njia ya ziada inayoelekea mferejini, si mlangoni.

Nani alipe? Hapa watu hugombana sana, na wazee wa kwetu wana kipimo ambacho nimekiona kikifanya kazi: maji yanayoteremka yenyewe, wa chini hana budi kuyapokea na kuyapitisha, maji yaliyoelekezwa na mkono wa mtu yana mwenyewe. Kama umejenga, umeweka sementi, umeondoa migomba, basi maji yameongezeka kwa mkono wako, na mchango wako uwe mkubwa kuliko wa Koko ambaye hajagusa kitu kwa miaka thelathini. Asiye na pesa alete mawe. Asiye na nguvu za mawe apike sombe ya wachimbaji. Nimeona mfereji uliochimbwa hivyo ukidumu misimu mitano, na nimeona wa pesa nyingi, uliochimbwa na vibarua bila majirani, ukifukiwa mwezi wa kwanza.

Sisemi haya kwa ajili ya matope sebuleni tu. Mwezi wa Mei 2023, kule Bushushu na Nyamukubi katika eneo la Kalehe, mvua na mito iliyofurika viliua watu zaidi ya 400. Si mbali na hapa, ni ziwa lile lile. Mfereji wa parseli hauwezi kuzuia msiba kama huo, na asikudanganye mtu. Lakini majirani waliowahi kuchimba pamoja wanajua nani ana mtoto mchanga, nani hawezi kutembea, na mlango upi wa kugonga kwanza maji yakianza kunguruma.

4. Chunga neno "nyinyi"

Kama huna muda wa kusoma yote, soma hapa.

Ugomvi wa majirani una mlango mmoja ambao ukiuvuka kurudi ni shida, na mlango huo ni neno dogo tu. Mwanzoni mtu husema: "Wewe, maji yako yameingia kwangu." Ni kali, lakini bado inahusu maji. Halafu sauti zinapanda, watu wanatoka, na mmoja anasema: "Nyinyi ndivyo mlivyo." Kuanzia pale maji yamesahauliwa. "Nyinyi" wepi? Kilima chetu kimoja kina Washi, Warega, Wahavu, Wafuliiru, Wabembe, Wanande, Wanyamulenge, na watoto waliozaliwa na baba wa huku na mama wa kule. Neno hilo likitoka, kila aliyesimama pale anajitafuta yuko upande gani. Watu waliokuja kutazama tu wanarudi nyumbani wakiwa na kinyongo.

Kwa hiyo jifunze kusema bila "nyinyi". Jifunze ukiwa peke yako, kwa sauti, kama unavyojifunza wimbo wa kwaya. Sema ulichoona, mahali ulipokiona, na siku: "Mama, mvua ya Jumanne ilileta maji mpaka kwenye kitanda cha mtoto. Nilitaka uje uone." Kumwalika aone ni bora kuliko kumweleza. Koko hakueleza, alileta daftari.

Ukiwa wewe ndiye uliyeambiwa, usianze na "lakini". Anza na "twende nikaone". Hata kama unajua huna kosa, nenda. Ukifika pale, ukainama, ukagusa ule unyevu kwa mkono wako, nusu ya hasira ya mwenzako imeondoka kabla hujasema lolote.

Na mtu mwingine akisema "nyinyi" mbele yako, akitaka umuunge mkono kwa kuwa mnatoka sehemu moja, hapo ndipo penye kazi ngumu. Kukaa kimya hakutoshi, maana kimya chako kitahesabiwa upande wake. Nimezoea kusema hivi tu: "Baba, tuongee maji." Sikemei, simhubirii. Nalirudisha neno lilipotoka. Mara nyingine inashika, mara nyingine naambiwa nimenunuliwa. Siachi kusema.

Vivyo hivyo kwenye simu. Sauti iliyorekodiwa ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp la avenyu, ikisema watu wa fulani wamefanya hivi usiku, usiisukume mbele mpaka umempata aliyeona kwa macho yake. Mpigie. Asipopatikana aliyeona, isimame kwako. Hata akipatikana, taja kilichotokea na mahali, uliache kabila.

5. Kwenye robine

Robine ikikaa siku tatu bila maji halafu yakaja saa tisa usiku, hata mtu mpole huwa mkali. Kanuni ziwekwe kabla maji hayajaja, zisemwe kwa sauti, na ziwe chache. Kwetu zilikuwa mbili: bidoni ndiyo inayopanga foleni, si mtu, na kila zamu ni bidoni mbili. Anayetaka kupitishwa mbele, kwa sababu ana mgonjwa au mtoto mgongoni, asimwombe aliye robineni. Awaombe walio nyuma yake, kwa kuwa hao ndio watakaosubiri zaidi. Tangu tulipoanza kuomba hivyo sikumbuki mtu aliyekataliwa.

Wazee wapewe mtoto wa kuwabebea. Asiwe mtoto yule yule kila siku.

6. Kanivo si jalala

Ukitupa mfuko wa taka katika kanivo ya Kadutu, mvua inauchukua mpaka mto Kawa, Kawa inaupeleka ziwani, na ziwa linaupeleka polepole kwenye mlango wa mto Ruzizi. Pale kuna bwawa la Ruzizi ya kwanza, linalotupatia umeme tangu miaka ya 1950. Chupa na mifuko vinarundikana mbele ya mitambo, mitambo inasongwa, na taa zinazimika Kadutu, Ibanda na Bagira, kwa aliyetupa na kwa asiyetupa. Mara ngapi tumelaani giza tukiwa na chupa mkononi?

Kabla taka haijafika huko, imekwisha kuziba kanivo mbele ya mlango wa mtu, na maji yameruka yakaingia kwake. Wekeni pipa au mfuko mmoja wa taka kwa parseli, mpeane zamu ya kuupeleka, na zamu ziandikwe ukutani kwa mkaa. Ukimwona mtoto wa jirani anatupa, mrudishe naye akaokote, uokote pamoja naye, na umwambie mama yake umefanya hivyo kabla hajasikia kwa mwingine.

7. Sauti, na malipo ya umeme

Kwa kilio hakuna anayelalamika, na ni vizuri ibaki hivyo. Arusi, mkesha wa maombi na baa ni jambo jingine. Wewe unayefanya sherehe, pita nyumba kumi za karibu siku mbili kabla, useme itaanza saa ngapi na itaisha saa ngapi, kisha ishike saa hiyo. Wewe unayesumbuliwa, usiende usiku ule. Nenda kesho yake, mwende wawili, na mmoja wenu awe mtu anayesali hapo au anayekunywa hapo.

Umeme mnaogawana, andikeni: nani ana friji, nani ana pasi, nani ana taa mbili tu, nani amelipa, tarehe gani. Daftari likae mahali ambapo kila mtu analiona. Na waya zilizopita mbao kwa mbao zikiwa na moto mkononi ukizigusa, msingoje kikao. Nyumba yenu ya mbao ikishika moto, ya juu yake itafuata.

8. Ikishindikana

Itafika siku mtashindwa. Tafuteni mtu wa tatu, na wote wawili mmkubali kabla hajaketi. Kwa wengine ni mzee wa shirika lao la parokia, kwa wengine mchungaji, kwa wengine mama anayeheshimika sokoni. Shefu wa avenyu anafaa kama hana upande. Mkae mahali ambapo si kwako wala si kwake. Kila mmoja aseme bila kukatizwa, mdogo aanze ili mkubwa asimzibe kinywa. Mkikubaliana, andikeni mistari mitano, mtie sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Makubaliano ya mdomo tu yanasahauliwa mvua ya kwanza.

Kisha kunyweni kitu pamoja, hata chai.

Kuna mlango mmoja ambao nakusihi usiugonge. Mji wetu umeona wenye silaha wakiingia na kutoka: 1996, 1998, 2004, na tena Februari 2025. Kila mara majirani wamejaribiwa na kishawishi kile kile, kwamba sasa kuna mtu mwenye nguvu ambaye ukimnong'oneza jina, mpaka wa parseli utanyooka kwa siku moja. Usimtaje jirani yako kwa mwenye bunduki kwa ajili ya mfereji, ukuta, deni au tusi. Awe ni wa serikali, awe ni wa waasi, awe ni mjomba wako. Mwenye bunduki hatazami mfereji. Atauliza majina, na ukishalitoa jina huwezi kulirudisha mdomoni. Mtoto wa yule jirani atakua akijua ni nani aliyelitamka, na atakuwa anaishi juu yako au chini yako.

Kama kesi ni ya damu au ya kubakwa, hiyo si ya wazee wa avenyu wala ya chai. Kwanza mpeleke aliyeumia hospitali, siku hiyo hiyo, na karatasi za daktari zitunzwe.

9. Septemba ikifika

Mvua ya kwanza ndiyo inayokagua kazi. Siku mbili kabla, kama mawingu yameanza kukusanyika upande wa mlima Kahuzi, toeni majani makavu mferejini, inueni mawe yaliyokaa vibaya, mwaga bidoni moja ya maji juu na muifuate mpaka chini. Ikisimama mahali, pachimbeni. Mwenye nyumba mpya apewe zamu yake, na aliyehama nafasi yake ijazwe, kwani hapa ndipo mifereji mingi hufa: mpangaji mpya hajaambiwa kitu, na anamwaga beseni lake pale nyuma kama nilivyomwaga mimi.

Sikai tena kwenye nyumba ile. Koko bado yuko pale, na namba yangu anayo. Mwaka nilipohama, usiku wa mvua kubwa ya Oktoba, simu yangu iliita saa nane. "Mwanangu," akasema, "lile jiwe lako la juu limeteleza. Huyu mpangaji mpya simjui jina." Nikamwambia jina lake. Nikasikia anafungua mlango, anapanda ngazi kwenye mvua, na kabla simu haijakatika nikamsikia anamwita, kwa sauti ya mtu anayeita mtoto wake mwenyewe.